Nta ya Kijivu

Kuna watu wakinusa mshumaa wanakumbuka Krismasi. Mimi nakumbuka bati.

Juzi tumemaliza matanga ya Mama pale Kwihara, wanawake wa ukoo wakanikabidhi sanduku lake la mninga nipekue vya kugawa na vya kuchoma. Hakukuwa na cha kugombea. Kanga, kitenge kilichopauka, rozari iliyokatika ikaungwa kwa uzi wa gunia, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, bonge la nta ya nyuki. Nta ya kijivu, siyo ya njano. Binamu yangu akasema, "Hilo tupa dada, limeshaoza." Nta haiozi, mjinga yule. Nikaliweka puani. Ikanijia harufu ya asali ya porini, ya moshi, ya koti la Baba, na ya bati lililopigwa na jua la Oktoba. Nikakaa palepale kwenye mkeka, wakadhani nalia msiba. Nilikuwa nalia na kucheka vyote pamoja.

Nawaandikia nyie wa rika langu, mliokulia kwenye kibatari na mkafua nguo kwa majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupangwa. Nitayasema yalivyokuwa, na mtu nitamtaja jina. Najua wapo watakaosema yamepita, yaache. Yamepita kwao. Kasiani yupo hai, yupo Goweko kwake, macho yameingia ukungu, anatembea na fimbo, na mimi bado namsema.

Kasiani ni baba yangu mdogo, amemfuata Baba ziwa moja.

Baba alikuwa mrina asali. Kiangazi aliingia porini na mizinga yake ya magome, akatoka na asali kwenye madebe na nta kwenye gunia. Masika alikwenda Goweko kulima tumbaku kwenye shamba ambalo Kasiani ndiye aliyeandikishwa kwenye chama cha ushirika. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, ya ndugu kwa ndugu: mmoja ana jina, mwingine ana mgongo, watagawana. Mwaka mmoja tumbaku ikakubali, na fungu la Baba likageuka mabati. Yalikuwa mabati ya zamani, yaliyong'olewa kwenye ghala lililobomolewa, yamejaa matundu ya misumari kama chekecheo. Lakini yalikuwa mabati. Aliyaleta kwa kichwa kutoka mjini, safari baada ya safari, kwa ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na meno ya ndovu. Nilimfuata nyuma nikisikia yanavyolialia kila akipiga hatua. Akiwa na shingo imekakamaa chini ya mzigo alikuwa anasema, "Unaona Sesi? Babu yako alipita hapa kabeba vya watu. Mimi nabeba changu."

Basi akaezeka. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, vyumba viwili na ukumbi, imetazama barabara ya wageni wanaokwenda kuangalia lile tembe la paa la udongo alilokaa Mzungu wa zamani. Wageni hawakuitazama hata siku moja. Sisi tuliitazama. Yale matundu ya misumari Baba aliyaziba kwa nta, moja moja, kapanda juu ya meza, kidole gumba chake kikubwa kikikandamiza. Lami ilikuwa ya wenye pesa. Nta alikuwa nayo.

Kisha akaugua tumbo. Mahindi yalikuwa bado mabichi shambani tulipomzika.

Njaa ya mwaka ule siisemi sana, kila mmoja wenu ana yake. Nasema tu kwamba chumvi tuliazima mpaka Mama akaanza kuona haya kupita mbele ya milango ya watu, na mboga ilikuwa mlenda leo, mlenda kesho. Mdogo wangu Roza alikuwa bado ananyonya, ananyonya pasipo na kitu. Katikati ya hayo Kasiani akaja kutoa pole, akanywa uji wetu, akafuta mdomo, akatazama juu.

"Shemeji," akasema, "haya mabati tutayazungumzaje?"

"Yana nini, shemeji?"

"Tumbaku ilipimwa kwa jina langu. Kitabuni jina ni langu. Muulize karani."

Karani alikuwa anaitwa Mashaka, naye nimtaje, kwa sababu Mama alimwendea kwa miguu na mtoto mgongoni, na Mashaka akamjibu bila kuinua uso, "Sisi tunamjua Kasiani. Huyo marehemu wako hatumjui." Hatumjui! Mtu aliyemfungia mitumba ya tumbaku mbele ya macho yake, aliyemletea asali ya kikohozi. Mama alirudi jioni na miguu imejaa vumbi mpaka magotini, akaketi mlangoni. Kasiani alikuwa ameshatamka kwamba atakuja kuyachukua kabla ya mvua. Alikuwa anajenga duka Goweko, karibu na stesheni.

Mama hakuwa na wa kumkimbilia. Ndugu zake walikuwa mbali, upande wa Choma, na wao wana shida zao. Akabaki na Mungu, na mimi nilimwona akibaki naye kwa vitendo kabisa. Alichukua nta iliyobaki kwenye gunia la Baba, akapanda juu ya ile meza, akaanza kuziba matundu yaliyofunguka. Kila tundu Salamu Maria. Tundu kubwa, Baba Yetu. Rozari yake ilikuwa imekatika, basi akasali kwa paa. "Kama yataondoka yataondoka," alisema, "lakini kwa sasa yako juu yetu, na mvua inakuja."

Mimi nilikuwa chini namshikia meza, na nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kuisema. Ngoja niwaeleze. Mchana ndani ya nyumba yetu jua lilikuwa linaingia kwa yale matundu kama nyuzi. Nyuzi nyembamba za mwanga, zimenyooka kutoka paani mpaka sakafuni, na vumbi linapanda ndani yake taratibu. Mimi nilikuwa nimeamini, hakuna aliyeniambia, kwamba hizo ndizo njia za sala. Sala inatoka mdomoni, inatafuta uzi, inapanda nao. Nilikuwa hata nachagua uzi wangu, nakaa karibu nao wakati wa kusali ili yangu isichelewe. Sasa Mama anaziba. Kila akikandamiza kidole, uzi mmoja unazimika, na yeye huyohuyo anasali! Nikaona huyu mwanamke anajifungia mlango huku anabisha hodi.

"Mama," nikasema, "acha moja."

"Moja nini?"

"Tundu moja. Usizibe yote."

Akanitazama kutoka juu, uso umejaa masizi, nta imemganda vidoleni. Nilidhani atanifokea. Akacheka. Tangu tumzike Baba sikuwa nimemsikia anacheka.

"Mvua itakunyea."

"Nitaweka sufuria."

"Haya. Chagua lako."

Nikachagua moja karibu na mlango, dogo, la msumari mwembamba. Akaliacha. Hakuniuliza la nini. Mpaka amekufa hakuniuliza.

Oktoba ni mwezi wa Rozari, mnajua nyie mliokulia kwenye jumuiya. Sanamu ya Bikira Maria ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba, leo analala kwa huyu, kesho wanamchukua kwa nyimbo wanampeleka kwa yule. Zamu yetu ilipofika Mama alifagia mpaka uani kwa jirani. Mimi nilimlinganisha huyu mgeni na Bwana Afya, yule aliyekuwa anapita kukagua vyoo na vichanja vya vyombo na kuwafokea watu. Nikasugua kichanja, nikafunika mtungi, nikamwosha Roza masikio. Nilitaka tukikaguliwa tusionekane na kosa.

Walimleta mchana, kwenye jua kali, amefunikwa kitambaa cha buluu. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Gaudensia, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ndiye aliyembeba. Akamweka katikati ya ukumbi juu ya kigoda chenye kitambaa cheupe. Wanawake wakajaa, wazee kwenye viti, sisi watoto chini. Joto lilikuwa la Oktoba ya Tabora, la kumkausha mtu mate. Bati lilikuwa linalia lenyewe juu, ta, ta, linavyotanuka.

Tulikuwa tumefika katikati ya rozari tuliposikia mkokoteni wa ng'ombe. Ukasimama mlangoni petu. Kasiani akashuka, na wanaume wawili wa kumsaidia, na ngazi.

Mama hakugeuka. Sauti yake ilipanda kidogo tu. Kasiani alipoona watu wanasali akavua kofia yake ya pama, akasimama kizingitini. Adabu alikuwa nayo, yule. Aliyekula mali ya yatima kwa adabu nimemwona mmoja tu, ni yeye.

Ndipo kikaanguka kitu. Tone. Limeng'aa, la njano, likatua kwenye shavu la Bikira Maria, likateremka polepole mpaka kidevuni. Kisha jingine, chini ya jicho jingine.

Mama Gaudensia akakatisha Salamu Maria katikati. "Jamani! Jamani tazameni! Mama analia!"

Nyumba ikalipuka. Huyu anapiga vigelegele, huyu anajitupa chini, bibi mmoja kiziwi anauliza, "Nani kafa? Nani kafa?" Mwingine akapaza sauti, "Anamlilia mjane!" na mwingine nyuma yake, "Anayalilia mabati!" Mimi moyo ulinishuka. Nilijua kwa nini analia. Amekagua, ameona kosa. Nikatazama kichanja kupitia mlango wa uani, nikatafuta ni chombo gani sikukisugua.

Na Kasiani alikuwa amepiga magoti. Pale pale kizingitini, kofia kifuani, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Mmoja wa wale wanaume wake alishatoweka, tulimsikia ng'ombe akimshangaa.

"Shemeji," Kasiani akasema, na meno yanagongana, "shemeji, nisamehe. Mbele ya huyu Mama na mbele ya hawa watu wote, mimi mabati haya siyagusi. Yaozee huko huko juu."

Mmesikia? Alitamka. Wanawake wote walisikia. Kilichotakiwa kilikuwa ni kunyamaza tu. Hata kusema uongo hakukuhitajika. Ni kufumba mdomo, kuendelea na Salamu Maria, na nyumba inabaki nyumba.

Mama akaniwekea Roza mapajani. Akainuka, akaenda kwenye kigoda, akaligusa lile chozi kwa kidole. Akalisugua. Akalinusa. Kisha akatazama juu, kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Ni nta," akasema.

"Nini?"

"Ni nta, mama zangu. Niliziba matundu juzi, jua limeiyeyusha. Tazameni wenyewe. Ile ya kijivu pale ni ya marehemu, haijasogea. Hii ya njano ni yangu mimi."

Mama Gaudensia akamvuta kanga, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata ng'ombe nje walisikia. "Mama Sesi, nyamaza. Kwani nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa?"

"Sasa shemeji anaapa kwa ajili ya nta."

Kasiani alibaki amepiga magoti kidogo, anafikiri. Halafu akainuka. Akakung'uta goti hili, akakung'uta goti lile, akavaa kofia. "Kumbe nta," akasema, na rangi yake ikawa inarudi. "Malizeni tu sala zenu, mama zangu. Sisi tunasubiri nje, hatuna haraka."

Na kweli walisubiri, na yule aliyetoroka walimkimbiza wakamrudisha. Sijawahi kusikia rozari inayosaliwa polepole kama ile. Wanawake waliivuta kila Salamu Maria kama wanavuta ndoo kwenye kisima kirefu. Lakini rozari ina mwisho. Tuliposema Amina ngazi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani.

Waling'oa mpaka jua likainama. Kasiani alisimama chini anapokea misumari, anainyoosha kwa jiwe, anaitia mfukoni. Misumari, jamani! Kila wakigonga bati, nta ya Baba ilikuwa inadondoka sakafuni, vipande vigumu vya kijivu vyenye alama ya kidole gumba. Mama alikuwa anaviokota kwenye upande wa kanga yake kama mtu anayeokota karanga. Kimoja akakivunja, akakitazama ndani. "Alichanganya na majivu," akasema peke yake. "Ndiyo maana haikuyeyuka. Na hakuniambia." Akatabasamu, akiwa amesimama katikati ya nyumba isiyo na paa. Niliona kama amepata barua kutoka kwake.

Wanawake walishaondoka na Bikira wao. Njiani, tulisikia baadaye, Mama Gaudensia alisema, "Muujiza umekuja nyumbani kwake, akaufukuza." Likawa jina. Kwa muda mrefu watu wengine walimwita Mama hivyo, yule aliyefukuza muujiza. Naye Mama Gaudensia namtaja.

Jioni ile tulikaa ukumbini tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunavitafuna vikavu. Mbingu ilikuwa juu yetu yote, nyekundu kwa moshi wa moto wa porini. Nikamuuliza. Nilikuwa na hasira ya kumpiga.

"Mama, kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ilikuwa nta."

"Lakini Mungu anajua ni nta. Si inatosha yeye ajue?"

Akatafuna kwanza, akameza. "Anajua, ndiyo. Na mimi najua. Tungekuwa wawili tunaojua, kila siku tunatazamana. Mimi namhitaji sana mwaka huu, Sesi. Sitaki tuanze kukwepana macho."

Sikuelewa. Nilielewa kitu kingine, cha kwangu. Nilipoinua uso nikaona hakuna tena tundu la kuchagua. Juu kote ni tundu. Hakuna kinachozuia. Basi nikasali, jamani, nilisali kama mtu aliyekuta duka liko wazi na mwenyewe hayupo. Niliomba bati, nikaomba chumvi, nikaomba maziwa ya Mama yarudi, nikaomba Baba arudi, kisha kwa kuogopa nikafuta la Baba nikaomba kuku.

Asubuhi akaja Bi Zuhura. Alikuwa jirani yetu, mama wa Kiislamu wa watu wa zamani wa Tabora mjini, mjane naye, anasuka mikeka na ana mdomo. Akasimama uani mikono kiunoni.

"Mama Sesi! Mmeanikwa kama mihogo?"

"Ndiyo hali, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Na mvua hiyo inanukia. Mtaezeka na nini?"

"Majani sina. Moto umepita kila mahali, hata ya kufagilia hakuna."

"Nani kasema majani? Udongo! Wazee wetu walikaa chini ya tembe, wakaoa, wakazaa, wakazeekea humo. Bati limekuja juzi tu, mkaanza kujiona." Akaingia, akapima kuta kwa macho. "Tafuta miti. Kichuguu kipo nyuma ya kwangu, kikubwa kama ng'ombe. Chimbeni."

Mama hakumwomba mtu. Lakini siku ya kupandisha udongo jumuiya ilikuja yote, na majembe, na makarai. Hata Mama Gaudensia. Alikuwa hasemi na Mama. Alipita mbele yake na karai kichwani, akatamka hewani, "Nimekuja kwa ajili ya watoto, siyo kwa ajili ya mtu," na siku ile hakuna aliyebeba kuliko yeye. Walipanga miti, wakalaza fito na matawi, wakamwaga udongo wa kichuguu, wakanyunyiza maji. Kisha wakapanda juu kuukanyaga, wanazunguka, wanasali rozari ili miguu iende pamoja. Bi Zuhura alikuwa chini anawapokeza makarai. Akawapigia kelele, "Someni mnachosoma, lakini kanyageni kwa nguvu!" Wakacheka mpaka mmoja nusura adondoke.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nalia. Nilikuwa nimeona kazi hiyo mara moja tu maishani, watu wengi, majembe, udongo, nyimbo, kukanyaga. Ilikuwa kaburini kwa Baba. Nilidhani wanaizika nyumba. Mama alinikuta nyuma ya kichanja, akaniuliza nina nini, nikamwambia. Hakunicheka. Akanishika mkono, akaniingiza ndani kulikokuwa na giza na ubaridi, akaniambia, "Nusa." Nikanusa. Ulikuwa unanukia udongo uliolowana, harufu ya mvua kabla ya mvua. "Kaburi halina mlango," akasema. "Hii ina mlango. Toka nje, uingie tena, uone." Nikatoka, nikaingia. Nikatoka, nikaingia. Mpaka nikaridhika.

Mvua ilipokuja ilikuja kweli. Nyumba ilidondosha kona moja tu, na pengine pote palikuwa pakavu. Ndani pakawa na utulivu ambao bati halijui, mvua unaisikia mbali kama wageni wa nyumba ya pili. Maziwa ya Mama yakarudi kidogo. Kuku pia tulipata, mmoja, kutoka kwa Bi Zuhura, anachechemea mguu.

Katikati ya masika akashuka mtu kwenye treni ya Goweko, akaja kwa miguu, kofia ya pama imelowa na kulegea masikioni. Kasiani. Nilipomwona nikamchukua Roza nikaenda kukaa kona ya ndani kabisa.

"Hodi, shemeji. Nimekuja na aibu yangu."

"Karibu," Mama akasema. "Ingia nayo, nafasi ipo."

Akakaa. Akatazama juu kwenye udongo, akatazama haraka chini. Mama akampa chai isiyo na sukari na michembe. Akazunguka maneno, kilimo, barabara, afya za watu, mpaka mwisho akalitapika lililomleta. Duka lake lilikuwa linavuja. Yale mabati, tangu yagongwe yakang'olewa, yalikuwa hayana nta hata chembe. Sukari imekuwa uji, chumvi imetiririka sakafuni, mke wake Tereza amehamia kwa mama yake. "Nikakumbuka kaka alikuwa na nta," akasema. "Kama imebaki, shemeji. Kidogo tu."

Mjini nta ilikuwepo, inauzwa sokoni. Lakini Kasiani hakuwa mtu wa kununua kitu ambacho mjane anacho.

Mimi kule konani nilikuwa namtazama Mama. Nikasema moyoni, sasa. Sasa Mungu amemleta mwenyewe kwa miguu yake. Mama ainuke amtoe nje, na ile chai aimwage. Mama akainuka. Akaenda kwenye gunia la Baba, akatoa bonge la nta ya njano, ile ya mwisho, aliyokuwa ameiweka kwa mishumaa ya kumkumbuka marehemu. Akachukua kisu. Akaikata katikati. Akampa nusu.

Kasiani aliishika kwa mikono miwili. Kama alisema asante sikusikia.

Lakini sikuvunjika moyo, kwa sababu nilikumbuka kitu. Ile nta ilikuwa ya njano. Haina majivu. Na Mama hakuwa amesema habari ya majivu. Mvua itapita, kiangazi kitakuja, jua la Goweko ni lilelile, na yote itamdondokea kichwani, kwenye sukari yake, kwenye kofia yake. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba nimesali sana katika maisha haya. Nimesali hospitalini, nimesali nikiwa na mtoto amekufa mikononi. Lakini sijui kama nimewahi kusali kwa moyo wote kama nilivyosali pale konani, macho nimeyafumba mpaka yanauma: Mungu, Mama asahau. Mungu, nakuomba, Mama asahau kusema majivu.

Kasiani akaaga. Akatoka. Nilimsikia anavuka uani, chap, chap, kwenye matope. Mama alikuwa anakusanya vikombe. Nilimsikia anafika barabarani, kwenye ile njia ya wapagazi, hatua zinaanza kufifia. Nikaanza kufungua macho.

Mama akaweka vikombe chini. Akaenda mlangoni, akakunja mikono mdomoni, akaita kwa sauti yake yote kwenye mvua:

"Shemeji! Majivu! Changanya na majivu, usisahau!"

Nikainua uso nikatazama paa letu. Udongo mtupu, umekanyagwa vizuri, kutoka ukuta mpaka ukuta. Hapakuwa na tundu hata moja. Nikaelewa kwa nini sala yangu haikufika.